Bi. Lorraine Kudrna na Akiba za Watoto wa Watu

Ijumaa tarehe 29 Mei, baada ya miaka thelathini na mitatu katika ofisi ya karo ya Chuo cha Holm Ridge hapa Nebraska, Bi. Lorraine Kudrna anastaafu. Wazazi wa kaunti tatu watapumua. Hakutakuwa tena na mtu wa kuwauliza mbele ya foleni nzima, "Hizo pesa umezitoa za nini?"

Alianza kama mpiga chapa, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Hakuna aliyemtuma ajifunze mambo ya kodi. Alichoka tu kuona wazazi wanaweka akiba ya masomo, ile ambayo faida yake haitozwi kodi ikitumika kwa masomo tu, tangu mtoto ananyonya, kisha wanaitoa ovyo na kutozwa kodi kwenye faida, na faini juu yake. Basi akaanza kuhubiri. Karo, ndiyo. Vitabu na kompyuta, ndiyo. Chumba na chakula, ndiyo, mradi mtoto asichukue chini ya nusu ya masomo. Gari, hapana! Nauli ya Krismasi, hapana! Baba mmoja alileta risiti ya chakula cha mbwa, eti mbwa anamliwaza mwanawe. "Na huyo mbwa anasomea nini?" akauliza Bi. Kudrna. Foleni nzima haikuwa na mbavu.

Ikifika Desemba ndiyo kabisa, hashikiki. "Karo ya mwaka huu, pesa itoke mwaka huu!" Aliwapigia watu kelele hiyo hata kwenye maegesho ya kanisa.

Lakini sisi tuliofanya kazi naye tunamkumbuka zaidi kwa habari ya Marnie Stoltz. Marnie alikuwa mwaka wa kwanza mama yake alipougua. Oktoba akaacha masomo, akarudi nyumbani kumsaidia baba yake, Wendell, kukamua ng'ombe. Chuo kikarudisha sehemu ya karo iliyolipwa kutoka akiba yake ya masomo, na Wendell alipokuja kuchukua hundi alikuwa ameshaipangia kazi. Tangi lake la kupoza maziwa lilikuwa limekufa.

Bi. Kudrna alimweleza kwamba pesa hiyo ikirudi kwenye akiba ya Marnie ndani ya siku sitini, haitatozwa chochote. Isiporudi, kodi na faini zinamsubiri.

"Marnie harudi tena, Lorraine," Wendell akasema. "Na ng'ombe hawangoji."

"Kama harudi, hilo hulijui wewe wala silijui mimi. Ukiinunulia tangi, ndipo tutakapojua kwamba harudi."

Wendell aliondoka bila kuaga. Bi. Kudrna alishinda siku nzima amenuna, na sisi tukakaa mbali naye.

Jumamosi akaenda shambani kwa Stoltz na sufuria la maharage ya pilipili, mikate ya mdalasini, na shemeji yake, fundi wa mashine za maziwa. Habari ya kodi hakuigusa. Alikaa jikoni na mgonjwa huku shemeji amelala chini ya tangi. Jioni tangi likanguruma, na Jumatatu Wendell akairudisha pesa yote kwenye akiba ya binti yake.

Mama alipona polepole. Baada ya miaka miwili Wendell alisimama tena dirishani, Marnie yuko ubavuni, anarudi masomoni. Bi. Kudrna alikuwa amekwenda kula, nikataka kuwahudumia mimi. "Tutamsubiri mwenyewe," Wendell akasema. Aliporudi, mzee akajipangusa pua kwa kofia. Bi. Kudrna aligonga mhuri kwenye risiti ya karo, akamvuta Marnie juu ya kaunta akamkumbatia, na foleni ikangoja bila kunung'unika.

Bi. Kudrna, tutakukosa mno. Nenda ukastarehe, ulale hadi saa utakayo, na Desemba ikifika ukae kimya kama utaweza. Kwa niaba ya wazazi wote uliowaudhi, na watoto wao waliomaliza chuo, asante.