Sungusungu wa Samli

Aliyekosa ni Maige, wala tusimsitiri. Mkewe Nyanjige alikusanya samli msimu mzima, ndoo ikajaa, ya kuwapikia wageni kutoka Lalago wanaokuja Jumamosi kumposa binti yao Milembe. Maige akasikia redioni kwamba yapo majani yanayozuia mafuta yasichache. Mtaalamu alipofika kuyataja, betri zikafa. Basi Maige, bila kumwuliza mke, akaichemsha samli na kila jani lililokuwa karibu na ua wake. Asubuhi akaibeba ndoo hadi kijiweni, kwenye ubao wa kukalia ulio nje ya banda la fundi baiskeli Machibya, wanayemwita Injinia. Njia nzima alimwomba Mungu apate wa kumtetea kwa mkewe.

— Mwangaluka, wazee. Hebu oneni.

Injinia akafunua.

— Maige! Hii samli au rangi ya geti?

— Sikiliza, bwana. Samli inaharibiwa na hewa. Sasa majani yana dawa yake, inatangulia mbele, hewa inaila hiyo dawa, samli inabaki salama.

— Kumbe sungusungu!

— Hao hao. Wanalinda boma.

Muuza kahawa Jeremia, wanayemwita Nabii, akaacha kumimina.

— Umetia jani gani?

— Mlonge, mchaichai, mpera... na mwarobaini kidogo.

— Kidogo gani?

— Tawi moja. Si unatibu magonjwa arobaini?

— Na kuchacha kukiwa ugonjwa wa arobaini na moja?

— Ndiyo maana nikaongeza tawi la pili. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Hapo mwana ni nani?

— Samli.

Injinia alishachovya kitambaa, anasugua mnyororo wa baiskeli.

— Kutu nayo si hewa hiyo hiyo? Baiskeli hii haizeeki tena!

— Basi na mtu akipakwa hazeeki, Nabii akadakia. Methusela mnadhani alijipaka nini?

— Biblia haijasema.

— Wala haijakataa! Mpakeni mama mkwe wa Lalago. Atawazika wajukuu zenu.

— Kweli, simba mwenda pole ndiye mla nyama, Injinia akasema. Samli hii inakaa miaka mia.

Maige akaanza kuvimba kifua. Ndipo Nyanjige akatokea, kitenge kimekazwa kiunoni, ametoka kuisaka ndoo yake jikoni. Hakusalimia. Akachovya kidole, akaramba, akatema mate hadi ng'ambo ya barabara.

— Inakaa miaka mia, mama Milembe, Nabii akamweleza.

— Nimesikia. Ataila nani?

Injinia akainamia mnyororo. Nabii akafunua birika, akachungulia ndani kana kwamba jibu limezama humo. Maige akavua kofia.

— Mama Milembe, nimekosa, na Mungu ameniona. Naomba unisindikize kwa dada yako kule Maswa tukaombe samli nyingine. Ila uongee wewe.