Mama Mkwe Alinishika Mkono

Ndugu zangu wa Bokoli, salamu kutoka kwetu Moi's Bridge. Mniwie radhi nikikwama katikati. Nimeomba hata ile jagi ya maji itolewe hapa mezani, na mtaelewa ni kwa nini.

Ilikuwa msimu wa kuvuna. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunamenya mahindi, vidole vimechanika na maganda, si mnajua yanavyokata. Ng'ombe wetu akaanza kulia kwa sauti ya kukwaruza, mate yanamtoka kama povu la sabuni, kula hataki. Tukasema huyu amekabwa na gunzi. Nani hapa hajawahi kumtoa ng'ombe gunzi kooni? Mdogo wangu akaingiza mkono, akapapasa, hakuna kitu. Nikaingiza wangu. Hakuna kitu.

Ng'ombe akafa. Daktari wa mifugo alipokuja aliuliza kama kuna mbwa wa kuzurura aliyepita hapo. Tukasema ndiyo, alipita.

"Hiyo haikuwa gunzi," akasema. "Ni kichaa cha mbwa. Nyinyi wawili mmegusa mate yake kwa vidole vilivyochanika, nendeni hospitali leo mchanjwe."

Mdogo wangu akacheka. "Ati ng'ombe amekuwa mbwa? Mimi sijaumwa na kitu, bana. Na hizo sindano si wanadunga kwa tumbo?"

Hayo ya tumbo tuliyasikia tangu utotoni. Mimi niliogopa kuliko yeye, nawaambia, lakini nikacheka pia. Tukasema tumalize kuvuna kwanza.

Mke wangu hakubishana na sisi. Alimpigia mama yake simu.

Mama mkwe akafika kwa bodaboda kutoka hapa kwenu. Desturi yetu mnaijua: mtu na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono, hata kukaa karibu ni aibu. Alisimama kando ya ghala, akawa anaongea nami kupitia mke wangu. Nikajibu kupitia huyo huyo: tuko sawa, tutaenda kesho. Mama mkwe akaweka kibeti chini, akavuka uwanja, akanikamata mkono.

Ndugu zangu, nilikauka pale pale. Mdogo wangu akapiga kelele, "Mama, unashika mkwe!"

"Hii aibu wazee watatengeneza," akasema. "Kifo watatengeneza na nini?" Akamnyooshea yeye ule mkono mwingine. "Kuja pia wewe, mwanangu."

Mdogo wangu akatia mikono yake mfukoni. "Nitakuja kesho, mama."

Mimi nilivutwa mpaka barabarani kama mtoto. Hospitalini nilidungwa hapa juu ya mkono, wala si tumboni, na nikarudi mpaka sindano zikaisha. Kila nikitoka huko nilimsihi mdogo wangu, na kila mara ikawa kesho.

Mahindi yalikuwa yameshaingia ghalani alipoanza kusema mkono unamwasha. Asubuhi moja mke wangu akammiminia chai. Alipoisogeza mdomoni koo lilikaza, akakisukuma kikombe kikaanguka. Baada ya hapo hata sauti ya maji ilimtetemesha. Hospitalini nilinyoosha mkono nimshike, naye akaficha mikono yake chini ya blanketi.

"Wewe umepona," akaniambia. "Usiniguse."

Hakuongea na mimi tena. Tulimzika.

Mpaka leo mtu akimimina maji, mimi hutoka nje. Nikimenya mahindi naiona mikono yake ikiingia mfukoni, na inaniuma kwamba sikuichomoa kwa nguvu.

Nashukuru yule daktari wa mifugo. Nashukuru wauguzi, hawakunigombeza kwa kuchelewa. Wazee walikaa, wakatuelekeza, na heshima ikarudi mahali pake. Mama, nakuona hapo nyuma, umejifunika leso. Sitakuja kukusalimu. Asante kwa mkono wako.

Na nyinyi wengine, pikipiki yangu iko hapo nje. Kama kuna mtu ameambiwa aende achanjwe na bado anasema kesho, aniambie tukitoka. Nitamshika mkono, hata kama ni mkwe wangu.