Bi Funguo, Fundi Sanifu wa Pampu (1961–2024)

Shangazi yetu, tunayemsindikiza leo Alhamisi tarehe 10 Oktoba 2024, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961. Alikuwa mtoto wa nne na binti wa kwanza wa fundi baiskeli na mama aliyeuza mboga sokoni. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha baiskeli za watu. Akiwa na umri wa miaka saba hivi alifungua gurudumu la nyuma la baiskeli ya mteja, akatoa goroli zote na kila kilichomo, akavipanga juu ya mkeka mstari mmoja mpaka mlangoni. Baba yake alirudi akakwama kizingitini, hana pa kukanyaga.

"Nani kavuruga hapa?"

"Sijavuruga, Baba. Nimepanga. Ukianzia huku unafungua, ukianzia kule unafunga."

Baba alichutama, akafunga gurudumu lile kwa kufuata mkeka, kisha akamwambia mkewe jikoni: "Huyu mtoto wako ataniondoa kazini." Alilisema hilo kwa majirani mpaka uzeeni, na kila mara alicheka upya.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, akamaliza mwaka 1979 akiwa wa kwanza katika fizikia. Walimu walimpangia ualimu. Mjomba wake alimtafutia nafasi ya ukarani, kazi ya kivuli na feni. Yeye aliziacha zote mbili, akaenda kuomba uanagenzi katika karakana kuu ya mamlaka ya maji. Walioketi kumsaili walimuuliza kama anajua kwamba humo ndani kuna grisi. Akawauliza kama wao wanajua inavyotoka.

Alianza Januari 1980, msichana peke yake katika kundi lake. Mkataba ulikuwa wa miaka minne, na utaratibu wake ulikuwa huu: mwanagenzi alizungushwa kutoka sehemu moja hadi nyingine, kuanzia stoo ya zana, kisha benchi la tupa, kulehemu, mashine ya kukereza vyuma, umeme, na mwisho pampu. Aliyezunguka kote ndiye aliyeruhusiwa kufanya mtihani na kuwa fundi sanifu. Stoo ilikuwa ya miezi mitatu tu, mahali pa kujifunza majina ya vitu.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake la kwanza, na lilikuwa kosa la mtu mwenye akili. Alikuta zana zimepangwa kwa ukubwa na kwa herufi, fundi anakwenda dirishani mara tano kwa kazi moja. Akazipanga upya kwa mpangilio wa kazi: spana ya kufungulia mfuniko wa pampu, kando yake kivuta beringi, kando yake nyundo ya shaba, kama mkono utakavyozihitaji moja baada ya nyingine. Fundi akisema "nafungua pampu kubwa," yeye alipitisha trei nzima. Hakuna kilichopotea. Kazi ya siku mbili ikawa ya siku moja. Karakana nzima ikamwimba, wakampa jina la Bi Funguo, na msimamizi akasema abaki hapo kwa muda.

Tumezoea, tukisimama mbele ya jeneza, kusema marehemu aliipenda kazi yake. Tusidanganyane. Shangazi aliichukia stoo. Ilikuwa na dirisha moja lenye wavu wa chuma, na nyuma ya wavu ule aliona mashine za kukereza zikizunguka, wenzake wakizigusa. Mwenzake mmoja mcheshi waliyemwita Mrefu alikuwa akija pale kila asubuhi.

"Bi Funguo, nipe spana ya kumi na tisa na tabasamu."

"Spana hii hapa. Tabasamu limeazimwa, halijarudi."

Mrefu alizunguka sehemu zote, akafanya mtihani, akawa fundi sanifu. Kundi lililofuata likapita, na la baada yake. Kila mwaka marehemu alibisha hodi kwa msimamizi.

"Mzee, zamu yangu ya stoo imepita zamani."

"Binti yangu, nani kakuudhi?"

"Hakuna. Nataka kwenda kwenye mashine."

"Utakwenda! Nani kasema huendi? Ngoja nipate mtu wa kukupokea. Wewe ukiumwa siku moja tu, hapa tunapapasa kama vipofu."

Msimamizi huyo hakuwa mtu mbaya, na tabu ilikuwa hapo hapo. Mtu akikutukana unajua pa kumshika. Huyu alimsifu, na sifa hazina mpini. Alimletea vijana kweli awafundishe ile stoo. Aliyeelewa haraka, msimamizi alisema ana kichwa, akampeleka mbele kwenye umeme. Asiyeelewa alirudishwa alikotoka. Wote waliondoka, Shangazi akabaki na wavu wake. Mkataba wa miaka minne ukaisha akiwa amejifunza sehemu moja.

Mwaka 1985 aliolewa na fundi cherehani aliyepewa kazi ya kushona ovaroli za karakana. Alipofika kumpima alisitasita na futi mkononi. "Ovaroli ya mwanamke sijawahi kushona," alisema. "Basi leo wote wawili tunajifunza," Shangazi akamjibu. Ile ya kwanza ilimbana mabegani, akairudisha. Ya pili nayo akairudisha. Ya tatu ilimkaa vizuri kabisa, lakini aliirudisha vilevile, na hapo fundi akaelewa kwamba haikuwa tena habari ya mabega. Walijaliwa watoto watatu.

Ni mume huyo aliyempa ufunguo wa mlango, bila kujua. Jioni moja Shangazi alikuwa anafoka jikoni juu ya msimamizi, na mumewe anapinda suruali ya mteja, pini zimejaa mdomoni. Akazitoa moja moja, akasema: "Mke wangu, hiyo stoo umeishona kwa kipimo chako. Nani mwingine itamtosha?"

Wiki ya kuhesabu mali ilipofika, karakana ikafungwa, Shangazi alivua kila zana kwenye msumari wake na kuirudisha kwa ukubwa na kwa herufi, kama alivyoikuta. Miaka minane ya akili yake aliibomoa kwa mikono yake, na mumewe anasema alirudi nyumbani siku hizo macho mekundu.

Jumatatu ilikuwa vurugu.

"Bi Funguo, kivuta beringi kiko wapi? Si kilikaa hapa na nyundo yake?"

"Rafu ya tatu, herufi K. Kusoma unajua."

Msimamizi alikuja mbio. "Umetuharibia stoo!"

"Nimeirudisha ilivyokuwa, mzee. Sasa anaweza kukaa mtu yeyote."

"Yaani hukutaka kukaa tu? Si ungesema?"

"Nimesema kila mwaka. Na kila mwaka umenisifu."

Alihamishwa mwezi uliofuata. Walimwanzisha upya, mkataba mpya, pamoja na vijana waliomwita mama. Alisimama kwenye benchi la tupa akiwa mama wa watoto wawili, akisugua kipande cha chuma mpaka kiwe mraba, kikikataliwa anaanza kingine. Alizunguka sehemu zote. Mwaka 1992 alifanya mtihani na kupewa cheti cha fundi sanifu, na kwa miaka saba alikuwa mtu wa pampu. Alizijua kwa kiganja: aliweka mkono juu ya chuma kinachotetemeka, akafumba macho, akasema "beringi ya upande wa mota," na wakifungua ndiyo hiyo. Alirudi nyumbani ananuka mafuta, anaimba vibaya kwa sauti kubwa. Watoto wake wakubwa wanasema hiyo ndiyo miaka wanayomkumbuka akiimba.

Mwaka 1999 akajifungua kitinda mimba, binti. Aliporudi kutoka likizo ya uzazi alikuta msimamizi mpya, na jina lake limepelekwa stoo. Kwa muda tu, akaambiwa, mpaka mtoto akue. Pampu ni nzito, tunakuonea huruma. Mtoto akaota meno. Akaanza shule, akaimaliza. Hakuna aliyerudi kuuliza kama amekua. Wengi mmeuliza huko nje kwa nini safari hii hakubomoa rafu. Yeye mwenyewe alijibu hivi: "Mara ya kwanza nilikuwa na hasira. Mara ya pili nilikuwa na usingizi." Alistaafu mwaka 2021, kutoka stoo. Katika sherehe ya kumuaga walimpa ufunguo mkubwa wa shaba waliouchonga wenyewe kwa upendo. Aliwashukuru wote kwa majina, akafika nyumbani, akausukumia chini ya kitanda.

Mwaka huohuo kitinda mimba wake aliingia uanagenzi katika karakana ileile, ambako mkataba siku hizi ni wa miaka miwili. Hakuna aliyemsukuma. Mama yake alimpa sharti moja tu, na lilikuwa fupi: asisifiwe mahali asipotaka kukaa.

Tarehe 20 Februari 2023 marehemu alipata kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, ulimi ukawa mzito. Mwanamke aliyejua kila kitu kilipo akawa haufikii mto wake mwenyewe. Kitinda mimba aliomba ruhusa kazini amuuguze kwa muda, na lazima tuseme kweli, aliuguza vizuri mno. Alijua kumgeuza bila kumuumiza. Alielewa neno likiwa nusu. Wake za kaka zake walipojaribu, supu ilimwagika, mgonjwa akalia. Binti akishika kijiko, bakuli linaisha. Sote tulimpongeza. Tulikaa sebuleni tukasema, "Huyu Mungu kamleta kwa ajili ya mama yake," na "Bila huyu tungefanyaje?" Kati ya sebule na kitanda kulikuwa na pazia tu. Shangazi alisikia kila neno. Ruhusa ya muda ikavuka mwaka, na mtihani wa Oktoba ukawa unakaribia.

Ndipo akaanza kukataa mkono wa binti yake. Binti akileta kijiko, alifunga mdomo na kugeuzia uso ukutani. Alikula kwa mumewe tu, na mumewe, Mungu ambariki, mkono uliozoea sindano haukujua kijiko. Supu iliingia shingoni, ililowesha mashuka. Alikula hivyo hivyo. Alipungua, tukadhani ni ugonjwa. Kwa macho na kwa mkono wa kushoto alimfundisha mumewe kumwinua: bega kwanza, kisha nyonga. Walikosea, walilia wote wawili, siku nyingine walicheka. Mwezi Julai alimwita binti.

"Toka," alisema kwa nusu ya mdomo.

"Mama, nikitoka nani atakugeuza?"

"Yeyote."

"Watakugeuza vibaya."

Ilimchukua muda kulipata neno. "Vibaya," akasema, "sawa."

Binti alirudi karakanani wiki iliyofuata. Akamaliza sehemu ya pampu, na Jumatatu hii tarehe 7 Oktoba akaanza mtihani wa vitendo katika mji mwingine, mtihani wa wiki nzima. Kabla hajaondoka, mama yake aliwashika mkono yeye na baba, akawaapisha: litakalotokea wiki hiyo, binti asirudi.

Lilitokea Jumanne asubuhi, tarehe 8 Oktoba 2024. Mumewe alikuwa amemwinua, bega kwanza, kisha nyonga, na hakukosea. Alifia mikononi mwake.

Siku hiyo palikuwa na maneno ndani ya nyumba, na hatuwezi kuyaficha kwa sababu mengine bado yananong'onwa hapa. Kaka mkubwa wa marehemu alisimama akasema: "Mtoto asimzike mama yake kwa sababu ya vyuma? Watu watatuelewaje?" Mume wa marehemu, ambaye hatujawahi kumsikia akipandisha sauti, alisema: "Shemeji, aliyekataza ndiye huyo amelala. Kambishie yeye." Kisha akampigia simu binti yake. Hakumficha. Binti alilia sana, akauliza, "Nije, Baba?" Baba akamjibu, "Mama yako alisemaje?" Halafu binti akasema kesho yake anafungua pampu, akaomba asipigiwe mpaka amalize.

Basi tunaomba, kwa heshima zote kwa wazee wetu: mtu asimpigie binti huyu simu. Mtu asimtumie picha ya jeneza wala ujumbe kwamba binti mwema angekuwa hapa. Wema wa namna hiyo ulimnyang'anya Shangazi miaka thelathini, na hakuna aliyemrudishia hata mmoja.

Marehemu ameacha mume, fundi cherehani, watoto wawili wa kiume na wake zao, walio pamoja nasi, wajukuu wanne, kaka zake watatu, na binti mmoja, kitinda mimba, ambaye saa hii amesimama kwenye benchi akiwa na pampu iliyofunguliwa mbele yake, vipande vyote viko wazi, naye peke yake ndiye wa kuifunga.

Pumzika sasa kwa amani, Shangazi. Mtihani unaisha kesho.