Neno Ambalo Mama Athanasie Alikataa Kulitafsiri

Wasikilizaji wapendwa, mulio Majengo, mulio Mapendo, mulio Kibumba, na ninyi wa ukingoni mwa ziwa, leo tutazungumza polepole. Tumempoteza Mama Athanasie Niyonsenga. Alifariki Jumatatu ya juma lililopita, asubuhi, hospitalini, kwa shinikizo la damu alilokuwa nalo miaka mingi. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa mtafsiri. Wanafunzi wake ni wengi na watamkumbuka kwa namna yao. Kumbukumbu hii ni ya kazi yake ya pili, ile ya kutafsiri.

Alizaliwa Kibumba, katika familia ya wakulima wa kabichi na viazi. Nyumbani kwao waliongea Kinyarwanda. Sokoni, Kiswahili. Masista wakamfundisha Kifaransa. Halafu akaolewa na Papa Sikuli, mfanyabiashara kutoka Butembo, na huko akakuta mama mkwe asiyejua neno lolote lisilo la Kinande. Athanasie alijifunza Kinande jikoni, akitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Papa Sikuli anatuambia mama yake alipenda kusema hivi: mutoto wangu ameoa batu banne, analisha mumoja.

Lugha nne. Basi popote watu waliposhindwa kusikilizana, aliitwa yeye. Misa, harusi, msiba, mama mjamzito mbele ya daktari mgeni. Alikuwa na sheria moja tu: haongezi, hapunguzi. Padri akitoa mzaha usiochekesha, Athanasie aliutoa vilevile, haukuchekesha, na hapo ndipo watu walipocheka.

Miaka minne iliyopita, kampuni ya gesi ilifika Nyamurisa. Nyamurisa ni kijiji kidogo ukingoni mwa ziwa, upande wa magharibi wa mji wetu. Munajua kwamba chini kabisa ya ziwa letu kuna gesi. Kampuni ilitaka kushusha bomba hadi huko chini, kuvuta maji yenye gesi, kuitoa gesi, na kuyarudisha maji. Kisha bomba jingine lingeleta gesi nchi kavu, likipita katika mtaro uliochimbwa ndani ya mawe ya volkano. Sheria inasema kabla ya kazi kama hiyo, wananchi wakutanishwe waulizwe maoni, na maswali yao yaandikwe katika karatasi ya mkutano, ile tunayoiita PV. Kampuni ilikuwa na wataalamu wanaoongea Kifaransa. Nyamurisa wanaongea Kinyarwanda na Kiswahili. Wakamtafuta Mama Athanasie.

Mkutano ulifanyika mbele ya shule. Alisimama katikati, injinia upande mmoja, wananchi upande wa pili. Mkononi alishika kaye, daftari la shule, kwa sababu mtu akiongea maneno marefu alizoea kuyaandika kwanza ili asipoteze kitu. Waliongea habari za samaki, habari za kazi kwa vijana, habari za barabara. Halafu akasimama mjane mmoja, Mama Umwiza. Yeye shamba lake la maharagwe lilipakana na mahali palipowekwa alama za mtaro. Akauliza swali lake taratibu.

"Ile mahali iko na mazuku. Mbuzi yetu inakufaka pale. Bazee habakuchimbaka pale hata siku moja. Mukichimba, ile hewa itaenda wapi?"

Kwa wasikilizaji wa mbali: mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini katika nchi yetu ya volkano. Haina harufu. Haina rangi. Ni nzito, inalala mabondeni na mashimoni, na asubuhi kabla ya jua na upepo ndipo inakuwa kali. Anayeingia ndani yake anaanguka.

Athanasie alilitafsiri swali lote. Injinia akasikiliza, akajibu kwa ufupi kwamba kazi hatari iko ziwani, na kwamba nchi kavu hakuna hatari yoyote. Athanasie hakuongeza, hakupunguza. Alimtazama Mama Umwiza akasema kwa Kinyarwanda: nchi kavu hakuna hatari yoyote. Mama Umwiza akashukuru, akakaa.

Mtaro ukachimbwa miezi mitano baadaye. Ulikuwa na kina cha mtu mzima. Haukuzungushiwa uzio. Kipande kimoja kilikatisha nyuma ya shamba la Mama Umwiza.

Asubuhi ya Jumatano moja, wiki mbili baada ya mtaro kuchimbwa, mbuzi wa Mama Umwiza alianguka ndani. Binti yake, Daniella, miaka kumi na tisa, akashuka kumtoa. Hakupanda tena. Jirani yao Benny, baba wa watoto watatu, alimwona amelala akadhani ameteleza. Akashuka naye. Wa tatu aliyekimbia pale, shefu wa kijiji, alishikwa shati na watu na kuvutwa nyuma. Walisubiri jua lipande na upepo uanze ndipo wakawatoa kwa kamba. Daniella na Benny. Watu wawili, wasikilizaji. Watu wawili katika mtaro ulioelezwa kuwa hauna hatari.

Habari ilimfikia Mama Athanasie darasani. Papa Sikuli anasema alimaliza somo. Lilikuwa somo la kugawanya. Alifuta ubao, akaenda nyumbani, akapika, wakala. Hakulia. Chakula hakikuwa na chumvi na yeye hakujua. Papa Sikuli alipomwuliza kuna nini, alimjibu kama mtu anayetaja bei ya unga.

"Yule injinia hakuongea na Umwiza. Mimi ndio niliongea na Umwiza."

Siku ya mazishi, kampuni ilituma mjumbe na maua na hotuba ya ukurasa mmoja kwa Kifaransa. Wakamwomba Athanasie atafsiri. Mdogo wake, Mama Sylvie, alimsihi asiende. Akaenda. Alisema kama mdomo wake ulitosha kuleta habari ile, utatosha kusimama pale.

Alitafsiri salamu za rambirambi. Alitafsiri majina ya marehemu, akarekebisha moja lililosomwa vibaya. Kisha mjumbe akasoma kwamba ajali hii haikuweza kutabirika na mtu yeyote. Watu wakamtazama Athanasie wakingoja. Mjumbe akadhani hakusikia, akarudia sentensi, polepole zaidi.

Athanasie akamwambia kwa Kifaransa, kwa sauti ya kawaida, kwamba sentensi hiyo hataitafsiri. Kisha akawageukia waombolezaji, akawaambia kwa Kinyarwanda.

"Amesema hakuna mutu aliyeweza kujua. Mama Umwiza alijua. Alisema mbele yetu wote. Mimi ndio nilipeleka neno lake."

Mama Sylvie alikuwa hatua tatu kutoka pale. Anasema hakuna aliyepiga kelele. Mjumbe alikunja karatasi yake. Mama Umwiza hakuinua kichwa. Mazishi yakaendelea.

Baada ya hapo Mama Athanasie alikuwa kama mtu aliyefungiwa chumba cha nyuma, asiyegonga mlango. Alifundisha. Alisahihisha mitihani. Kanisani walipomwita kutafsiri, alisema koo linamwuma. Miezi minne hakutafsiri chochote, na hata kwa mama mkwe wake, ambaye bado alikuwa hai, aliongea kwa mikono.

Kilichomwamsha, kama kuamka ndilo neno lake, ni PV. Mwalimu mwenzake, Ézéchiel, aliisoma katika ofisi moja ya serikali alikokwenda kwa shughuli nyingine. Akamjia akamwambia: katika PV ya mkutano wa Nyamurisa kuna maswali matatu tu. La samaki, la kazi, la barabara. Chini yake imeandikwa kwamba wananchi hawakuwa na wasiwasi kuhusu nchi kavu.

Athanasie alifungua sanduku akatoa ile kaye. Swali la Mama Umwiza lilikuwamo, kwa mwandiko wake, na tarehe. Chini yake jibu la injinia. Aliyahesabu maswali yote. Yalikuwa thelathini na moja. PV ina matatu. Yeye ana thelathini na moja.

Basi akaanza kupanda ngazi za ofisi. Mtumishi wa kwanza alimwambia kaye ya shule si hati. Akaichapisha kwa kompyuta, akarudi. Wa pili akasema hata ikichapwa ni maneno ya mtu mmoja. Akachukua njia ya Nyamurisa, mara saba, akawasomea waliokuwa mkutanoni maswali yao mmoja baada ya mwingine, kila mtu kwa lugha yake, na aliyekubali kwamba ndivyo yalivyoulizwa aliweka saini au kidole. Watu hamsini na wawili walikubali. Mlango wa Mama Umwiza aliupita mara sita bila kubisha.

Mara ya saba Mama Umwiza alikuwa ameketi nje, anapepeta maharagwe. Mazungumzo yao tumesimuliwa na Mama Umwiza mwenyewe, na ametupa ruhusa. Athanasie alisimama kwa mbali, akamwambia amekuja na swali lake na kwamba ameliandika kama alivyolisema. Mama Umwiza alimwambia asome. Akasoma. Mama Umwiza aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi, ndipo akaomba wino.

"Sikukusamehe," alimwambia akiweka kidole. "Lakini ndivyo nilisema."

Athanasie alimjibu kwamba hakuja kusamehewa. Mama Umwiza akamletea kiti. Walikaa.

Wasikilizaji wapendwa, ilichukua karibu miaka miwili. Barabara zilifungwa na kufunguliwa, ofisi zilihama, watumishi walibadilika, na kila mpya alitaka aelezwe kutoka mwanzo. Mwaka jana tume ya serikali ilikwenda Nyamurisa, ikapima hewa ndani ya mtaro, ikaandika ilichokiona. Mtaro ulifukiwa. Maswali yote thelathini na moja yaliunganishwa na PV. Na tume ikaweka masharti mawili kwa kazi yoyote ya gesi katika ukingo ule. La kwanza: hewa ya ardhi ipimwe kabla jembe halijagusa jiwe. La pili: PV isomwe hadharani, kwa lugha ya wenyeji, kabla ya mtu yeyote kuweka saini.

Hakuna aliyeshitakiwa. Injinia yule alihamishwa, hatujui wapi. Mke wa Benny alirudi kwao Masisi na watoto.

Tulimwuliza Papa Sikuli kama mkewe alifurahi siku ile barua ya tume ilipofika. Akatuambia kwamba aliisoma, akampa naye aisome, akaenda kuteka maji. Usiku ule alilala. Kwa Papa Sikuli hiyo ilikuwa habari kubwa, kwa sababu alikuwa hapati usingizi.

Alizikwa Ijumaa. Ndugu zake walishuka kutoka Kibumba, wakwe walitoka Butembo, na kutoka Nyamurisa walikuja watu wengi kuliko tulivyotazamia. Mama Umwiza alikuwa kati yao, akabeba mbegu za maharagwe katika kitambaa akaziacha kwa Mama Sylvie. Tulimwomba neno kwa ajili ya kipindi hiki. Alikataa kwanza. Halafu akasema:

"Batu bengi balisema uongo juu ya mutoto wangu na balienda. Yeye alisema bila kujua, na alirudi. Andikeni hivyo. Musiongeze."

Hatuongezi.

Kwa Papa Sikuli, kwa Mama Sylvie, kwa familia nzima ya Niyonsenga kule Kibumba, kwa walimu na wanafunzi wa Majengo, tunasema poleni. Pole pia kwa familia za Daniella na Benny, ambazo msiba huu umezifungulia tena ule wa kwanza. Mungu ampokee mama yetu, na awape ninyi nguvu ya kuzoea nyumba isiyo na sauti yake.

Na wewe unayesikiliza, uwe mkulima, uwe shefu, uwe mtumishi wa ofisi, tafakari kidogo kabla hujazima redio. Umewahi kuweka saini chini ya maneno ambayo hukusomewa? Umewahi kuandika maneno ya watu ukaacha yale mazito? Kaa na swali hilo leo.

Kampuni imeomba kuchimba mtaro wa pili, upande wa kusini wa Nyamurisa. Mkutano wa wananchi ni Alhamisi ijayo, mbele ya shule, saa tatu asubuhi. PV itapaswa kusomwa kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili kabla ya saini. Leo asubuhi tumempigia simu shefu wa kijiji kumwuliza nani ataisoma. Amesema bado wanatafuta mtu.