Moshi wa Ladha ya Bigijii

Basi la Chunya lilikuwa linateremka kuelekea Mbeya. Mbele yangu alikaa mama mmoja mkulima wa tumbaku, na pembeni yake kijana mwenye duka mtaa wa Soweto jijini humo, amepakata boksi la sigara za umeme. Hawakuwa wanajuana, ila mama aliuliza kilichomo, kijana akamwonyesha moja yenye picha ya bigijii, zile pipi za kutafuna.

“Kumbe ndiyo hii!” mama alisema. “Likizo nzima nilikuwa namchajia binti yangu kwenye sola. Aliniambia ni taa ya kusomea.”

Kijana alicheka, kisha akagundua anacheka peke yake. “Pole, mama. Lakini kampuni ilitupa semina. Hizi ni za watu wazima wanaotaka kuacha sigara.”

“Mtu mzima gani anataka moshi wa ladha ya bigijii, baba?”

“Basi serikali ilete sheria. Wakikataza, kesho nauza soksi.” Alijibu haraka, kama mtu ambaye soksi ameshaziwazia.

“Huyo binti, Goodness wangu, sijamruhusu hata kusogelea bani tunamokaushia tumbaku,” mama alisema taratibu. “Nilikuwa nalinda kifua chake. Hiyo sheria itamkuta wapi?”

Nilitamani kumwambia itakuja upesi, na bado naamini itakuja. Lakini alishatoa simu, akamwonyesha kijana picha ya msichana mwenye sare. “Anasoma hukohuko Soweto. Mtazame vizuri, akija dukani umkatalie.”

Kijana aliitazama mpaka basi likasimama stendi. “Na wenzake je, mama? Siwezi kuwajua wote.”

“Anza na huyu,” mama alisema, akamshikia boksi ili ashuke.