Mwaga Kikapu, Bwana Waziri

Probox ya kubeba abiria wa Kedowa ilikuwa na redio nzuri kuliko breki, na asubuhi hiyo redio ilikuwa bungeni. Caren, aliyekaa mbele na dereva, alijifanya anasoma simu. Masikio yake yalikuwa kiti cha nyuma.

Waziri wa Afya alikuwa ametoka kujibu kwamba dawa za presha zimefika kila zahanati. Huko nyuma, abiria mmoja, Mzee Nyagaka, akapiga makofi. "Umesikia, mama? Kila zahanati!"

"Nimesikia," akajibu mama wa kando yake, pakiti tupu ya dawa za presha mkononi. "Mimi nilikuwa karani wa kupokea majani chai miaka ishirini. Mkulima analeta kikapu, juu ni majani mawili na chipukizi, yanang'aa. Sibishani. Namwambia tu, baba, mwaga mezani. Huko chini ndiko unakutana na majani magumu kama kiatu."

"Sasa hata waziri utamwambia amwage?"

"Ameshakaa chini. Sasa anayeongea ni wa Mashauri ya Kigeni."

Huyo alikuwa anaeleza kwamba mazungumzo na wanunuzi wa chai ng'ambo yanaendelea vizuri.

"Huyu hata kikapu hajaleta," mama akasema.

Mzee alicheka, lakini hakukubali. "Mama, wewe unapenda kushuku. Mtu amesema mbele ya taifa zima!"

"Ndiyo maana naenda zahanati kumwaga nione. Mara ya tatu wiki hii."

Gari likasimama kwa lango la zahanati. Mama akashuka na pakiti yake. Hakumwomba dereva amngoje, lakini dereva, aliyemwona akitoka mikono mitupu mara zile mbili, alimngoja bila kuzima injini.