Mkalimani Aliyeshuka Shimoni

Sogeeni karibu, wanangu. Laban, kaa hapo kwenye kigoda, na wewe Nanjala acha kunipepea, weka hicho kitambaa chini, maana nataka mikono yenu itulie na masikio yenu yafanye kazi. Sauti niliyobakiwa nayo ni kidogo, sitaki kuimalizia kwenye kupokea pole za watu. Nimewaita kwa ajili ya maneno niliyoyasikia juzi, ninyi mkidhani nimelala. Nanjala anasema anaacha ualimu akasomee ukunga, na wewe Laban unamwambia dada yako kwamba mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mwenye watoto watatu, hawezi kwenda kulala bweni moja na wasichana, watu watatucheka kuanzia Busia mpaka Tororo. Sikuwajibu siku ile. Najibu leo, na jibu hilo ndilo wosia wangu, kwa hiyo msinikatize.

Mnajua kwamba niliwahi kuwa mkalimani wa mahakama. Kwa nini niliacha, hamjui. Marehemu mama yenu, Metrine, alijua, naye alilinyamazia jambo hilo mpaka tukamzika.

Ah, siku zile! Shati langu jeupe alilipiga pasi mama yenu kabla hata hajaweka chai motoni, soksi zangu zilifika magotini, na nilipopita sokoni na baiskeli wanawake wa samaki walivuta vikapu vyao kando wakisema, "Karani, shikamoo." Nilizungumza Kisamia cha nyumbani, Kiswahili, Kiganda na Kiingereza cha misheni. Siku waliponiajiri wakaniuliza, "Mangeni, na Kipadhola?" Nikasema nakijua. Nilikijua cha kununulia kuku, wanangu, lakini sikuona haya kusema nakijua, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyenigundua.

Mwaka wa sitini na moja, mwaka mmoja kabla ya uhuru, akaletwa kizimbani Mpadhola mmoja aitwaye Owora, mpasua mbao wa upande wa Malaba, akishtakiwa kuiba baiskeli ya mfanyabiashara. Hakimu akamwuliza ilikuwaje. Owora akajibu kwa maneno machache, polepole, akinitazama mimi wala si hakimu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto amshikie. Ndani ya maneno yale kulikuwa na neno moja nisilolijua. Ningeweza kusema, "Mheshimiwa, naomba arudie." Hilo tu. Lakini watu walikuwa wamejaa, na shati langu lilikuwa jeupe mno. Nikasema kwa Kiingereza kizuri, "Anasema aliichukua baiskeli akaipeleka Malaba." Hakimu akaandika. Mwaka mmoja na nusu jela.

Nilipotoka nje alinifuata mwanamke, mtoto mgongoni. Ndiye Athieno, mke wa Owora. Hakupiga kelele. Alisema, "Mzee, bwana yangu hakusema hivyo. Yeye nasema alipewa. Mwenyewe alimpa apeleke kwa fundi. Wewe nasema alichukua. Kwa nini?"

Nikapanda baiskeli nikaenda zangu.

Sikieni vizuri hapa, kwa sababu sitaki mniombolezee kama mtu mwema. Ningerudi kwa hakimu siku ileile, huenda mambo yangerekebika. Niliogopa. Nilikaa wiki baada ya wiki. Siku nilipojikaza nikaenda kusema ukweli, nikaambiwa muda wa rufaa umepita, faili limefungwa, na mkalimani asiyejua lugha ajiangalie mwenyewe kwanza. Nikavua beji nikaiweka mezani. Nilikuwa na miaka arobaini na minane, na kazi ya mikono sikuijua hata moja.

Nikaenda kwa Athieno. Kaka yake Owora, Okware, alikuwa amekaa kando ya shimo lao la kupasulia mbao, gogo la mvule limelala juu ya boriti, na msumeno umeegemezwa tu, kwa sababu ule ni msumeno wa watu wawili, mmoja husimama juu ya gogo na mwingine chini shimoni, na wa chini alikuwa jela. Nikamweleza Okware yote bila kuficha. Nikamwambia, nipe nafasi ya ndugu yako mpaka arudi, na fungu lake lipokewe na mke wake. Akaitazama mikono yangu. Akamtazama Athieno, naye Athieno akageuza uso. Kisha Okware akasema neno moja tu: "Shuka."

Nikashuka.

Wanangu, siku ya kwanza nililia, na si kwa majuto, ni kwa unga wa mbao machoni. Ulinijaa kooni, puani, masikioni. Nilivuta msumeno kwa nguvu ukakwama, Okware akanifokea kutoka juu, "Si vita! Mimi nasukuma, wewe napokea!" Malengelenge yalipasuka, yakaota mengine. Nilijifunga kichwani leso kuukuu ya mama yenu, na mama yenu mwenyewe hakusema nami mpaka mavuno, alikuwa akiweka sahani mezani na kugeuka. Sokoni wakaniita Karani wa Shimoni.

Na wewe, Laban, siku moja ulipita pale na wenzako wa shule, nikakuita. Mmoja akauliza, "Yule mzee mchafu anakuita wewe?" Ukajibu, "Simjui." Nilikusikia. Usiinamishe kichwa, mwanangu. Nalitaja jambo hili ili lisibaki ndani ya nyumba hii nikiondoka. Ulikuwa na miaka kumi na saba, nami nilikuwa nimekuondolea baba mwenye shati jeupe bila kukueleza sababu. Kosa hilo tuligawane, kisha tuliache hapa.

Lakini ninyi hamjui utamu nilioupata mle chini. Baada ya miezi kadhaa mkono ulianza kuelewa wenyewe. Msumeno ukaimba, mstari mweusi tulioupiga kwa uzi wa masizi ukawa unafuatwa sawasawa, na ubao ulipoachana na gogo ulitoa harufu ambayo mpaka sasa nikifumba macho inanijia, ya mvule mbichi na udongo wa mvua. Paa la shule ya Bulumbi, pale unapofundisha, Nanjala, limebebwa na mbao zetu. Mchana tulikula pamoja na Okware, akinifundisha Kipadhola neno kwa neno, akinicheka mpaka anashika mbavu. Nilijua Kipadhola nikiwa na miaka arobaini na tisa. Kwa kweli nakwambieni, miaka ile ya vumbi ndiyo ninayoitamani irudi. Ile ya pasi na soksi siikumbuki sana.

Owora alitoka muda mfupi baada ya bendera mpya kupandishwa. Ilikuwa mchana, jua kali. Nikiwa chini niliona msumeno umesimama, kisha nikasikia sauti ile ile ya kizimbani ikiuliza, "Nani huko chini?" Nikapanda, mweupe kwa vumbi, nikasimama mbele yake. Alikuwa amekonda. Nikamwambia kwa lugha yake, "Ni mimi niliyesema usichosema."

Akasema, "Basi sema sasa. Sema nilivyosema siku ile."

Nikasema. Nilipewa baiskeli na mwenyewe, niipeleke Malaba kwa fundi. Yote, kama alivyoyasema, na lile neno la kupewa mahali pake. Owora akasikiliza mpaka mwisho, akanisahihisha matamshi ya neno moja, akaondoka. Siku tisa hakuonekana. Siku ya kumi akaja asubuhi, akampokea kaka yake msumeno, akapanda juu ya gogo, akanitazama nikiwa shimoni, akasema, "Vuta."

Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, wala sikumwuliza. Tulipasua mbao pamoja miaka sita, mpaka kifua hiki kilipokataa.

Nipeni maji... Polepole. Basi.

Sasa shikeni haya. Laban, nyumba hii ya Lunyo na shamba linaloizunguka ni vyako, na shangazi yenu asiondolewe kwenye chumba chake maadamu yu hai. Nanjala, kile kipande cha ardhi cha Bulumbi ni chako, kilime, kikodishe au kiuze, kikupeleke kwenye ukunga. Watakucheka. Wasichana watakuita mama, utashika kalamu mkono unauma, utashindwa mtihani mmoja ulie. Nenda hivyo hivyo. Na pale usipojua, mwanangu, sema hujui, mbele ya daktari, mbele ya mgonjwa, mbele ya yeyote. Laban, watoto wa dada yako watakaa kwako muda wote atakaokuwa masomoni. Si ombi hilo. Nijibu. ... Vema. Nimesikia.

Msumeno ni wa Owora, msiuguse. Siku ya maziko Athieno akija, akae mkeka mmoja na dada za mama yenu, asiachwe nje na wageni. Padri akitaka kuzungumzia mahakama, mwambieni nilipasua mbao.

Nimechoka sasa... Njooni, wekeni vichwa hapa. Hapa kifuani, hata kama kinakoroma. Mungu awape kazi mnayoweza kuwasimulia watoto wenu bila kuruka mahali. Awape... awape mtu wa kuvuta naye. Laban, umfikishe dada yako mpaka bweni, umbebee sanduku wewe mwenyewe, watu wakuone... Nanjala, gari la Tororo la kwenda chuoni linaondoka saa ngapi? ... Lisikuache, mama. Hata kama mimi bado... hata kama bado hamjanizika. Nenda.